Thrill ipo

Nesi alimshika Baba mkono wa kushoto, akaweka vidole vitatu juu kidogo ya kifundo, akanyamaza. Macho yake yalikuwa ukutani, lakini ilionekana wazi kwamba anasikiliza kwa vidole. Kisha akamgeukia mwenzake aliyekuwa anajaza fomu, akasema, "Thrill ipo, nzuri."

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda, nimepakata begi la Baba lenye shuka, sweta na ile chupa ndogo ya maji aliyopimiwa kwa siku nzima. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Tabora, huu ni mwaka wa kumi na moja. Neno hilo nimeliandika ubaoni sijui mara ngapi. Kwa hiyo nilishtuka. Mzee wangu ana miaka 71, figo zote mbili zimechoka, mashati yake ya zamani sasa yanamvaa yeye, halafu mtu anamgusa mkono anasema thrill ipo! Kwa Kiingereza nilichokuwa nakijua mimi, hilo ni neno la msichana aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu, au la mshabiki ambaye timu yake imefunga dakika ya mwisho.

"Samahani sista, umesema thrill?"

"Ndiyo, dada. Hebu njoo uweke mkono hapa."

Nikaweka. Nilitegemea mapigo ya moyo, tunayoyajua wote, yale ya kugonga na kuacha, kugonga na kuacha. Haikuwa hivyo. Chini ya ngozi kulikuwa na mtetemo usiokatika, unapanda kila moyo unapopiga na kushuka bila kuisha, kama mtu anavuma wimbo ndani ya mkono huku amefunga mdomo. Nikautoa mkono upesi, nikaurudisha. Mwili wangu wote ulisisimka.

Baba alikuwa ananitazama tu. Maisha yake yote amekuwa mfuga nyuki upande wa Sikonge, alihamia kwangu mjini baada ya kuugua. Akasema, kwa sauti ile ile anayotumia akiwa chini ya mti, "Nyuki hao, mwanangu. Wamo."

Nataka niwaandikie kuhusu neno hili, kwa sababu tangu siku ile sijaacha kulifikiria. Nimelisomea usiku baada ya kusahihisha madaftari, nimefungua kila kamusi niliyoweza kuifikia, na nimegundua kwamba kwa miaka kumi nilikuwa nawafundisha watoto wa watu nusu ya neno.

Nianze na mkono wenyewe, maana ndio ulionifungulia njia.

Mtu ambaye figo zake zimekoma hupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kwa muda wa kama saa nne kila mara. Damu inatoka mwilini kwa sindano moja, inapita kwenye mashine, inarudi kwa sindano ya pili. Ni sindano nene, sio hizi za chanjo. Mishipa inayoonekana mkononi, ile ya kijani tunayotolea damu maabara, ni laini mno kwa kazi hiyo. Ikichomwa wiki baada ya wiki inaharibika, na damu inayopita humo ni ya polepole, haiwezi kuilisha mashine. Ndipo madaktari wanapofanya operesheni ndogo ya kuunganisha mishipa miwili: ateri, inayoleta damu kutoka kwenye moyo kwa kishindo, na vena, inayoirudisha kwa utaratibu. Njia hii ilitangazwa mwaka 1966 na madaktari wa New York, Brescia na Cimino pamoja na wenzao, na mpaka leo ndiyo inayopendelewa. Baba alifanyiwa yake Dodoma. Tulikwenda kwa basi, kupitia Itigi na Manyoni, yeye kakaa dirishani anahesabu mizinga iliyotundikwa mitini.

Vena ikishaunganishwa, inaanza kupokea damu ya nguvu ambayo haikuizoea. Baada ya wiki kadhaa inatanuka, ukuta wake unakuwa mgumu, inaweza kuchomwa mara kwa mara. Na pale kwenye maungio damu inaingia kwa kasi, inajizungusha, inapiga kuta za mshipa, kuta zinatetemeka. Mtetemo huo unaosikika kwa mkono ndio madaktari wanauita thrill. Ukiwepo, njia iko wazi. Mgonjwa anafundishwa kujigusa kila siku, na siku mtetemo ukipotea asingoje kesho, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda damu imeganda na kuziba njia.

Mkono huo una masharti kama mwari. Haupimwi presha, hautolewi damu ya maabara, haubebi ndoo, haulaliwi, hauvikwi saa ya kubana. Nyumbani kwangu hata wajukuu wanajua ni mkono upi wa babu wa kuvuta na upi wa kuacha.

Maungio hayo yenyewe yanaitwa fistula, na hapo nasimama kidogo, kwa sababu jirani mmoja aliponisikia nasema Baba ana fistula alinishika bega kwa huruma na mshangao. Kwetu tumelizoea neno hilo kwa akina mama walioumia wakati wa kujifungua. Nikamweleza. Lakini neno ni lile lile kweli. Ni la Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mwanzi, bomba, hata filimbi ya mwanzi. Popote mwilini panapotokea njia kama bomba kati ya sehemu mbili ambazo kwa asili hazikuungana, madaktari huita fistula. Moja ni jeraha linalohitaji kuzibwa, nyingine ni njia inayotengenezwa kwa makusudi ili mtu aishi. Shikeni huo mwanzi, tutaurudia.

Sasa thrill.

Ukirudi nyuma miaka elfu moja, kwenye Kiingereza cha kale, unakuta nomino þyrel. Herufi ile ya kwanza, inayofanana na fimbo yenye tumbo, ilikuwa inaandika sauti yetu ya th, ile ya themanini. Maana ya þyrel ni tundu. Hivyo tu. Tundu la ukutani, tundu la ngozi, tundu lolote. Na kitenzi chake, þyrlian, ni kutoboa. Neno hilo nalo lilizaliwa na þurh, ambalo leo Waingereza wanaliandika through: kupita kati hadi upande wa pili. Kwa hiyo ukoo umekaa hivi: kupita, tundu, kutoboa. Furaha haimo. Kusisimka hakumo. Ni kazi ya keekee kwenye ubao.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu sebuleni kwa raha, maana nilimwona Baba zamani kwenye kivuli cha muyombo, nikiwa na miaka saba au nane, anatoboa mlango wa nyuki kwenye mzinga mpya. Tundu dogo kuliko unavyofikiria. Likiwa kubwa, alikuwa anasema, unakaribisha wezi.

Tundu hilo la Kiingereza cha kale halikufa lote. Limejificha ndani ya neno ambalo wanafunzi wangu wanaliandika kila mwaka kwenye michoro ya bailojia: nostril. Zamani lilikuwa nosþyrl, yaani tundu la pua. Ile tril ya mwisho ndiyo ndugu yake thrill, wametoka tumbo moja. Sisi tunasema tundu la pua pia, lakini tunasema vilevile mwanzi wa pua, mianzi ya pua. Mwingereza alitazama pua akaona kitu kilichotobolewa, Mswahili akaitazama akaona bomba la kupitisha hewa, kitu cha kupuliza. Na Mrumi akautazama mwanzi akauita fistula. Sijui kwa nini jambo hili linanigusa kiasi hiki, lakini nilikaa nalo usiku ule mpaka umeme ukakatika na kurudi.

Kulikuwa na la tatu pia, limekufa: eagþyrl, tundu la jicho, ambalo maana yake ilikuwa dirisha. Lilisukumwa pembeni na neno la watu wa kaskazini, Waskandinavia waliovamia na kuhamia Uingereza, waliosema vindauga, jicho la upepo. Hilo ndilo window ya leo. Wanaolalamika kwamba Kiswahili kimekopa mno waambieni kwamba Mwingereza aliazima hata dirisha la nyumba yake. (Letu nalo ni la Waajemi.)

Basi þyrlian likawa thirl. Kisha r na irabu yake wakapishana mlangoni, thirl ikawa thrill. Kupishana kwa namna hiyo ni kawaida sana katika Kiingereza. Ndege wa leo, bird, zamani alikuwa bridd, na third ilikuwa þridda. Midomo inatafuta urahisi, baada ya vizazi viwili vitatu hakuna anayekumbuka ilikuwaje. Kufikia mwaka 1300 au karibu na hapo, thrill lilikuwa tayari kwenye maandishi, na bado lilikuwa neno la chuma. Mkuki unathrill, mshale unathrill: unapenya nyama.

Halafu ikaja miaka ya 1590. Hapo ndipo kilichokuwa kinapenya kiliacha kuwa chuma tu. Habari inapenya. Sauti inapenya. Hofu inapenya. Na ninyi mnaosoma hapa hamhitaji kufafanuliwa, kwa sababu tunasema vivyo hivyo bila kufundishwa na mtu: maneno yake yalinichoma, wimbo ule unapenya moyoni. Mtu anayepata habari nzito anajishika kifuani, hajishiki kichwani.

Shakespeare analo. Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia yake ya Mfalme Henry wa Nne, mzee mmoja mnene, mlevi, Falstaff, anamtajia mwana wa mfalme maadui wakubwa watatu waliojiandaa kupigana naye, kisha anamuuliza kama haogopi, kama damu yake haithrill kwa habari hiyo. Ni woga anaouzungumzia. Damu inachomwa na baridi ya hofu. Na kwenye tamthilia nyingine kuna kijana aliyehukumiwa kifo, anawaza roho yake itakwenda wapi, anaiona imefungiwa katika nchi ya barafu nene, na nchi hiyo anaiita thrilling. Baridi inayotoboa hadi mfupani. Leo kampuni ya utalii ikiandika neno hilo hilo kwenye tangazo lake unalipa nauli.

Mwalimu Nyerere alisoma hapa Tabora, akaja kufundisha hapa hapa, St. Mary's, kabla hajaondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949. Baadaye alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Hizi nilizozitaja hazimo. Nimejiuliza mara nyingi ile damu ya kijana wa kifalme angeitafsiri vipi. Mimi ningesema, "Damu haikusisimki?"

Na kusisimka ni neno kubwa. Nilikuwa nimelidharau, maana tunalitumia kwa kila kitu, mechi ya kusisimua, filamu ya kusisimua, sabuni ya kusisimua ngozi. Lakini litazameni kwa makini. Mwili husisimka kwa baridi. Husisimka kwa hofu, ukipita makaburini jioni. Husisimka kwa kaswida iliyoghanwa vizuri, husisimka kwa kuguswa. Vinyweleo vinasimama, yale manyoya laini ya mwilini ambayo Waswahili wa zamani waliyaita malaika. Kiswahili kililielewa tangu mwanzo jambo ambalo Kiingereza kilichukua karne kadhaa kulifikia, kwamba woga na furaha vikija ghafla vinapita mlango mmoja. Ila lugha hizi mbili zimesimama sehemu tofauti kulitazama. Mswahili yuko nje, juu ya ngozi, anaona nywele zinavyonyanyuka. Mwingereza anafuata kile kilichoingia.

Lile la raha peke yake lilikuja taratibu. Nomino yenyewe, a thrill kwa maana ya msisimko, inaonekana mwishoni mwa karne ya 17. Mwishoni mwa karne ya 19 wakaanza kuita hadithi za kutia jakamoyo thriller. Leo kijana ukimuuliza, anakwambia thriller ni aina ya filamu, na hajakosea.

Madaktari nao wana habari yao ya pembeni. Mfaransa Laennec, aliyebuni kifaa cha kusikilizia kifua mwaka 1816 (cha kwanza kilikuwa karatasi iliyoviringwa tu, baadaye akachonga bomba la mti), alipoweka mkono juu ya vifua vya wagonjwa wa moyo alisikia mtetemo, akaulinganisha na mngurumo wa paka anayebembelezwa. Madaktari wanaosema Kiingereza wakauita thrill. Mwaka 1933 Mmarekani Levine alipanga kelele za moyo katika ngazi sita, na kama zinavyofundishwa leo, kuanzia ngazi ya nne mtetemo huo unasikika kwa mkono. Kwenye kifua, basi, thrill ni habari mbaya, ina maana kuna mlango wa moyo uliobana au tundu lisilopaswa kuwepo. Kwenye mkono wa Baba ni habari njema. Neno moja, mtetemo ule ule wa damu inayopita mahali kwa kasi, na nesi mmoja ataukunjia uso na mwingine ataufurahia.

Nilimsimulia Baba habari ya paka. Akasema Mfaransa huyo hakuwahi kugonga mzinga.

Anachosema ni hiki. Mzinga wa kienyeji unautundika juu ya mti unauacha. Baada ya muda unarudi kuangalia kama nyuki wamehamia. Hufungui, unagonga kidogo kwa kifundo cha kidole halafu unaweka sikio, au unaweka kiganja kwenye ubavu wa mzinga. Mzinga mtupu unajibu kama debe. Mzinga wenye nyuki unakujibu kwa mvumo unaopanda kisha unatulia polepole, na mkono unausikia kabla ya sikio. Baba anaweza kukwambia kwa kiganja kama kundi ni kubwa au dogo. Ndiyo maana nesi alipomfundisha kujigusa kila asubuhi hakufundishwa mara mbili. Alikuwa na miaka zaidi ya 50 ya mazoezi.

Nirudi kwa kutoboa, maana siwezi kuliacha. Nendeni stendi mpya pale mjini, msikilize vijana wa bodaboda. "Mwaka huu lazima nitoboe." "Fulani katoboa, kajenga Ipuli." Kutoboa kwao ni kufanikiwa, kupenya ukuta wa shida mpaka upande wa pili. Sijui kama wanajua, lakini wamelipeleka neno njia ya þurh na þyrel bila kuazima chochote kwa mtu. Binti anatobolewa masikio, mpelelezi anatoboa siri, kijana anatoboa maisha. Katika yote kuna kitu kigumu, na kuna upande wa pili. Thrill lilipokuwa changa lilikuwa na upande wa pili. Hili la leo, la furaha ya ghafla kwenye kadi za siku ya kuzaliwa, limebaki na mwanga unaoingia, ukuta umesahaulika.

Na kwa kuwa nimeanza kutaja kutoboa nikiwa Tabora, najua kuna mtu atanitajia matobolwa. Wazee wa hapa wanasema jina la mji limetokana nayo: viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikauke. Nawaomba msiunganishe toboa na tobolwa kwa sababu tu masikio yanafurahi. Sauti kufanana si ushahidi. Hata Waingereza wamejikwaa hapo: wako wasomi wa zamani waliosema thrall, mtumwa, limetokana na thirl, eti kwa kuwa mtumwa alitobolewa sikio. Hadithi nzuri, kisa kinaingia akilini, na si kweli. Thrall lilikuja na Waskandinavia na lina ukoo wake. Trill, ule mlio wa ndege, nalo si ndugu.

Matobolwa yenyewe Baba hali tena. Viazi vitamu vina potasiamu nyingi, na figo zisipofanya kazi potasiamu inajazana kwenye damu mpaka inaweza kuusimamisha moyo. Karanga nazo, maharage, ndizi, vyote vinapimwa. Mtu wa Tabora ukimwondolea matobolwa na karanga umemwondolea jioni. Zamani alikuwa anatia kwenye mfuko wa koti, anatafuna porini kutwa. Sasa koti lina kadi ya kliniki.

Kuna kijana wa kidato cha tatu, naomba nisimtaje, ambaye ndiye aliyeniuliza mwanzoni mwa mwaka, "Madam, thrilled na happy tofauti yake nini?" Nilimjibu haraka, kengele ilikuwa karibu: thrilled ni happy iliyozidi. Akaandika. Ameliandika kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu, nimeliona. Jibu hilo limeniuma, kwa sababu yule mtoto aliuliza kwa dhati, naye ni wa aina ya watoto wanaoamini daftari.

Jumamosi iliyopita aliniletea madaftari ya darasa nyumbani. Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake, jua la saa kumi, mkono wa kushoto juu ya mto. Kijana akamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikamwomba Baba ruhusa, akaitikia kwa kichwa, akakunja kanzu hadi kwenye kiwiko. Kovu la operesheni limepauka, mshipa umevimba chini ya ngozi kama kamba, una alama za sindano zilizopangana. Nikamwambia kijana aweke vidole taratibu.

Aliviweka. Akavitoa. Akaviweka tena, safari hii kiganja kizima.

"Kama simu iko vaibresheni," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Inamuuma babu?"

"Haiumi," Baba akamjibu. "Ikinyamaza ndiyo itauma."

Nikakaa nao nikamweleza yote, tundu, keekee, pua, mshale, baridi, Falstaff na damu yake. Nilimwambia jibu langu la mwanzo alifute, nikamwambia aandike kwamba thrilled ni mtu aliyepenywa na jambo mpaka mwili ukajibu, na kwamba siku hizi jambo hilo huwa ni la furaha. Kuhusu mtihani nilimwambia ukweli pia: kwenye mtihani aandike furaha kubwa ya ghafla, ndicho wanachotaka. Akauliza kama anaweza kuandika zote mbili. Nikamwambia kwenye daftari lake aandike hata kumi.

Alipoondoka Baba aliniita. Wakati wote ule alikuwa kimya, nikadhani amesinzia.

"Hilo neno la manesi. Nifundishe."

"Thrill, Baba."

Ulimi wake una th safi, amesoma chuo cha Kurani tangu mtoto. Lakini th na r kukaa pamoja bila kitu katikati, hapana, hakuna Mnyamwezi wa rika lake atakayekubali. Alijaribu taratibu, akaweka irabu pale alipoona inakosekana, na nyingine kidogo kabla ya kumaliza.

"Thirel," akasema. Akaweka kiganja cha kulia juu ya mkono wa kushoto, akafumba macho. "Thirel ipo."

Nikamwomba arudie. Nikachukua kalamu nyekundu ya kijana, aliyoisahau juu ya madaftari, nikaliandika kwenye kiganja changu kama alivyolitamka.